Uso Niliuziba, Kitenge Nikakiacha

Chekeni tu. Najua nyie madaktari wapya mnanichekaga mkiiona simu yangu ya kitochi, mnasema mzee kapitwa na wakati. Mzee hajapitwa. Mzee alikuwa na simu kubwa kuliko zenu, yenye kamera mgongoni kama macho ya buibui, na ukurasa wenye wafuasi wengi kuliko waumini wanaojaa kanisani kwetu Ukonga siku ya Pasaka. Mlipokuwa bado mnakariri majina ya mifupa, mie nilishakuwa staa. Ustaa huo ndio ulionipeleka mbele ya Baraza la Madaktari na tai shingoni na jasho mgongoni, na ndio uliotaka kumfungia mama mmoja wa Tandika genge lake la chakula. Na yalinikuta nikiwa na mvi, kwa hiyo sikuwa hata na kisingizio cha utoto. Kaeni niwasimulie. Anayetaka kurekodi aizime hiyo simu kwanza.

Mdomo wangu, niseme ukweli, ulikuwa mkubwa kuliko cheo changu tangu naanza kazi. Kuna siku, bado daktari mbichi kama nyie, nilitoa kichwa mlangoni, ukumbi umejaa wagonjwa, nikapaza sauti: "Mwenye bawasiri aingie!" Weee! Ukumbi mzima ukawa unaangalia dari. Hakuna aliyeinuka. Baada ya muda baba mmoja mwenye mwili wake, aliyekuwa amekaa karibu na mlango tangu asubuhi, akasimama taratibu, akachukua kofia yake, akatoka hadi getini akapotelea barabarani. Hakurudi tena.

Sista Fausta, muuguzi mkuu wa zamu, mama wa Kihaya mwenye sauti ya chini na macho makali, akanivuta kwa mkono wa koti mpaka nyuma ya pazia. "Dokta," akasema, "yule hujamtibu, umemfukuza." Palepale akanipa somo ambalo chuo kilisahau kunipa. Mwite mtu kwa jina, usimwite kwa ugonjwa. Vuta pazia kabla hujavuta swali. Ukitaka kumuuliza jambo la aibu, inama hadi kwenye sikio lake. Na ndugu waliomleta watoe nje kwa heshima, hata kama ni mama mkwe. "Siri ya mgonjwa ni mali yake," akaniambia. "Wewe kakuazima tu ili umtibu."

Nikashika. Miaka yote nikawa mtu wa kunong'ona, mpaka wenzangu wakawa wananitania kwamba naongea na wagonjwa kama tunapanga kuiba ng'ombe. Tatizo Sista Fausta alistaafu kabla ya hizi simu. Alinifundisha kuuchunga mdomo, hakuwahi kuniambia kitu kuhusu kidole gumba.

Maana simu nazo zilikuja na raha yake, tusidanganyane. Zamani ukitaka ushauri wa bingwa, picha ya eksirei ilisafiri kwenye bahasha ya kaki, na mgonjwa alisafiri nayo, na bingwa mwenyewe hayupo, kaenda semina. Zikaja simu, unaibandika picha dirishani mwanga upite, unapiga, unatuma kwenye grupu la madaktari, hujamaliza chai jibu limerudi. Watu wamepona kwa njia hiyo, mie shahidi.

Ila na mie ndiye niliyetuma picha ya paja lililovunjika kwenye grupu la kamati ya harusi ya mpwa wangu. Nikakaa nasubiri ushauri. Mwenyekiti wa kamati akaandika, "Wajumbe, tafadhali tubaki kwenye mada." Shangazi yetu mmoja, ambaye hujibu kila kitu vilevile, akaandika, "Amina." Bahati ya Mungu jina la mgonjwa lilikuwa limekatika pembeni. Nikajicheka, wakanicheka, yakaisha. Ningekuwa na akili, siku ile ningejua kwamba kidole changu hakiaminiki. Akili hiyo sikuwa nayo.

Badala yake nikafungua ukurasa, nikauita Dokta Bila Foleni. Mwanzoni nilikuwa natoa elimu safi kabisa: kunawa mikono, kuchemsha maji, presha. Watu wakaanza kuniuliza maswali, na mie nikaanza kutibu kwenye komenti. Kuna kijana wa Mikocheni akatuma picha ya doa kwenye muundi, nikamjibu mbele ya umati, kwa herufi kubwa: FANGASI HIYO, na dawa nikamtajia. Akajibu kwa adabu tu, "Asante dokta, ila hapo niliungua na eksozi ya bodaboda jana." Nikashindwa nifute jibu langu au nijifute mwenyewe. Halafu kuna mjanja akachukua picha yangu nikiwa na koti jeupe, akaibandika kwenye tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Jumapili mzee mmoja wa kanisa, mtu mzito anayesomaga matangazo, akanisogeza kando ya mlango akaninong'oneza, "Daktari, ile dawa inauzwa rejareja?"

Mtasema hapo basi nilifunga ukurasa. Wapi! Wafuasi waliongezeka, na kichwa nacho kikavimba.

Sasa nije kwa Mama Shamila. Huyu ni mama wa Newala, kaja Dar akiwa msichana, anapika pale Tandika karibu na soko. Wali wa nazi, maharage, samaki wa kukaanga, mchicha. Alikuja kliniki kwetu na kikohozi kisichokoma na gauni limemlegea mabegani. Tukapima, tukakuta kifua kikuu. Nilipomwambia akalia. Nikadhani analilia maradhi, nikaanza kumtuliza kwamba yanatibika, dawa zipo, za bure. Akanikata: "Daktari, mie silii ugonjwa. Nalilia genge. Watu wakijua, nani atakula mkononi kwangu? Lile genge ndilo limenisomeshea watoto, sina kingine."

Nikamshika bega nikamwambia, "Mama, hili litaishia ndani ya chumba hiki." Kwa mdomo wangu huuhuu.

Na yeye alifanya kila kitu nilichomwambia, tena bila ubishi. Nilimwambia afunge genge mpaka nitakapomruhusu, akafunga. Wateja akawaambia kaenda kwao kuvuna korosho, kumbe kakaa kwa dada yake Kimbiji, mbali na macho ya watu, anameza vidonge vyake na kuangalia kuku. Dawa zilipofanya kazi na vipimo vikaonyesha hawezi tena kumwambukiza mtu, nikamruhusu kufungua. Akafungua, wateja wakarudi, na dozi akaendelea nayo bila kuruka hata siku. Katika kazi yangu sijapata wagonjwa wengi watiifu kama yule.

Siku ya kumaliza dozi alikuja amependeza, na kilemba juu. Nikafurahi, jamani, nilifurahi kwelikweli, hilo msininyang'anye. Nikamwambia, "Mama, tupige picha ya ukumbusho?" Akasema, "Haya, daktari."

Hiyo "haya, daktari" ndiyo nataka muiangalie vizuri. Mgonjwa wa kwetu hawezi kukukatalia. Wewe ndiye uliyemponya, una koti, una mhuri, na kesho anaweza kukuhitaji tena. Ukimwambia ruka juu ya meza, atasema haya daktari, atatafuta mahali pa kukanyaga. Mie niliichukua haya yake nikaifanya hati ya kisheria. Yeye, nilikuja kujua baadaye, alidhani picha ni ya faili.

Jioni nikakaa kibarazani na miwani. Nikamziba uso kwa kile kikatuni cha njano kinachocheka, nikakivuta mpaka kikawa kikubwa kama sufuria, kidevu hakionekani, kilemba hakionekani. Jina sikuandika. Mtaa sikuandika. Nikajiona mwanasheria. Nikaandika: "Mama mpambanaji wa Temeke ameshinda kifua kikuu! Kinatibika!" Nikaweka mikono inayopiga makofi, nikaweka na kikombe cha ushindi, nikaachia.

Laiki zikaanza kumiminika. Nikawa namsomea mke wangu komenti, yeye anachambua mchele. Akaniuliza, "Huyo mama anajua?"

"Uso nimeuziba."

"Sijauliza uso, Baba Neema."

Nikamwambia mambo ya mtandao hayawezi. Akaendelea na mchele wake.

Kesho yake komenti moja ikasema, "Mbona kama sare ya kicheni pati ya Shamila?" Chini yake mwingine: "Mikono ya njano hiyooo!" Mie sikuelewa chochote. Kwa ukarimu wangu nikawawekea wote wawili moyo mwekundu.

Nyie wa kiume huenda hamjui, wa kike mnajua. Binti akikaribia kuolewa, akichezewa kicheni pati, akina mama wanachagua kitenge kimoja, kila mtu anakata chake, wanashona, siku ya shughuli ni sare tupu. Kitenge cha Shamila kilikuwa cha kijani chenye mananasi. Sasa akatokea wifi kutoka Newala, kaja hana sare, dukani kimekwisha, na mama wa mwali ndiye Mama Shamila. Akamkatia wifi kipande cha kwake. Kilichobaki hakikutosha mikono, fundi akamshonea mikono ya kitambaa cha njano. Siku ya shughuli mshereheshaji akamwita mbele, akamsifu kwa moyo ule, watu wakamtunza, wakacheza naye. Yaani Tandika nzima ilikuwa na kitenge kile, lakini mwenye mikono ya njano alikuwa mmoja tu. Na ndilo gauni alilovaa siku ya kumaliza dozi, kwa sababu ndilo la furaha.

Mie nilifunika uso ambao watu wengi wangeweza kuufananisha, nikaacha gauni ambalo kila mtu alilijua. Nimesoma miaka mingi, nina vyeti vimejaa ukuta, na sikujua kwamba mwanamke wa Tandika hujulikana kwa nguo kabla hajageuka.

Siku ya tatu akaja kliniki. Siku zote akiingia ni "shikamoo daktari" kabla hajafika kwenye kiti. Siku ile hakunipa shikamoo. Alisimama.

"Jana nimepika sufuria zima la wali," akasema, "nimerudi nalo nyumbani. Leo nimepika nusu, nimewagawia kuku wa jirani. Wanasema kumbe korosho zenyewe ndizo hizo. Wanasema nimewalisha kifua kikuu."

Nikaanza kumweleza, sijui nilikuwa namweleza nani, kwamba ugonjwa huu haupiti kwenye sahani, unapita hewani, na yeye alikuwa ameshapona. Ndipo nikakumbuka kutoa simu, nikaifuta ile picha mbele yake, nikamwonyesha kioo kwa ushindi kabisa: "Tayari mama, nimeifuta!"

Akasema, "Umeifuta wewe. Mie nikaifute wapi?"

Picha ilikuwa imeshanakiliwa, inatembea kwenye magrupu ya vikoba, ya shule, ya msikiti, ya wauza samaki. Niliumia, wanangu. Kuna makosa unayoyafanya usiku hulali kwa kuogopa, na kuna mengine hulali kwa aibu. Hili lilikuwa la aibu.

Mdogo wake Mama Shamila, karani mwenye mwandiko mzuri, akapeleka malalamiko, na alikuwa na haki. Nikaitwa mbele ya Baraza. Huko ndiko nilikojua mambo ambayo nyie mnapaswa kuyajua leo kabla hamjatoka hapa: kwamba sheria haijali kama ulimsifu mgonjwa au ulimtukana; kwamba taarifa ya afya ya mtu inalindwa hata bila jina, ikiwa watu wanaweza kumtambua; kwamba kufuta hakufuti kosa, kunaonyesha tu kwamba umegundua. Wakaniuliza ridhaa ya maandishi iko wapi. Nikasema alisema haya. Mwanasheria wao akaandika, hata hakuinua kichwa.

Kisha yule mwanasheria akasoma andiko langu kwa sauti, neno kwa neno, kama anasoma hukumu. "Mama mpambanaji wa Temeke ameshinda kifua kikuu. Kinatibika. Halafu, waheshimiwa, pana vikatuni."

"Vikatuni gani?" mwenyekiti akauliza.

"Mikono inayopiga makofi. Na kikombe cha ushindi."

Mwenyekiti, mama mtu mzima, akavua miwani. "Daktari, hicho kikombe kilikuwa cha mgonjwa au chako?"

Aisee. Nilitamani sakafu inimeze na tai yangu.

Nikapewa onyo kali likawekwa kwenye faili langu, na hospitali ikanivua ukuu wa kliniki. Vijana niliowafundisha mie wakawa ndio wananisainia ruhusa. Nilistahili, tena nilistahili zaidi. Lakini onyo langu halikuuza sahani hata moja pale Tandika, na hilo ndilo lililokuwa linanikosesha raha.

Nikamchukua shemeji yangu na mjumbe wa mtaa wa Mama Shamila, tukaenda kuomba radhi kwa taratibu zetu. Tukakaribishwa, tukakaa mkekani, mjumbe akaongea maneno mazuri, shemeji akaongeza. Mie nikasema nitafanya lolote, hata kurudi mtandaoni kuwaelimisha watu.

"Usithubutu," Mama Shamila akasema. "Nataka uje ule."

"Nile?"

"Kwangu, mchana, kila siku ya kazi. Benchi la mbele linaloangalia barabara. Na uvae hilo koti. Watu wameliona kwenye simu, waje walione kwenye benchi langu."

Sasa koti la kazi halitoki nje ya wodi, mnajua, unabeba vijidudu kwenda navyo sokoni. Nikaenda kwa fundi nikashonewa koti jingine jeupe, jipya, la kulia chakula tu. Nadhani ndiye daktari pekee mkoa huu mwenye koti la kulia wali.

Wiki za kwanza nilikula peke yangu. Ananiwekea sahani, tena kwa kuitua kwa kishindo, haongei. Wapita njia wananitazama. Bibi mmoja alidhani nauza dawa, akaniuliza ya minyoo bei gani. Mwanaume mmoja akasimama mbali akauliza, "Dokta, hapo pako salama?" Nikapata nafasi, nikavuta pumzi nianze mhadhara wangu wa kifua kikuu tangu kwenye mapafu. Mama Shamila akatokea na mwiko mkononi: "Daktari, kula. Mdomo wako ndio ulionifikisha hapa." Nikainamisha kichwa kwenye maharage. Yule mwanaume akacheka, akaagiza wali, akaula kwa kusimama, mguu mmoja nje.

Nyumbani nikaanza kunenepa. Mke wangu akaniuliza ni mwanamke gani huyo ananilisha, nikamwambia ni yuleyule wa picha, akasema, "Muombe akuzidishie pilipili."

Katika haya yangu mnaweza kuokota mawili matatu. Ukitaka picha ya mgonjwa, jiulize kwanza inamsaidia nani, na ukikuta inakusaidia wewe, weka simu mfukoni. Ikibidi kweli, mwachie karatasi aende nayo nyumbani, akaiongee na watu wake, arudi akiwa na nguvu ya kusema hapana. Tena akiirudisha hiyo karatasi, asimpe daktari anayemtibu, ampe mtu mwingine. Angalia nguo, bangili, shuka, dirisha, ubao ulio nyuma, sauti inayosikika. Grupu la madaktari peke yao halipo, kuna daktari ana mke, mke ana dada. Mgonjwa akikutukana mtandaoni usimjibu, maana ukisema tu kwamba ulimtibu vizuri umeshatoa siri kwamba ulimtibu. Haya hayakuandikwa kwenye koti langu la kulia wali, lakini niliyasoma yote pale benchini.

Wateja walirudi mmojammoja. Wabeba mizigo wa sokoni kwanza, hawa njaa haiwaruhusu kuchagua. Halafu mafundi cherehani. Wale akina mama wa sare, waliokuwa wakimpa kazi za kupika pilau kwenye shughuli zao, hawakurudi, na mpaka nawaambia haya hawajarudi. Hiyo nimeiharibu na sina namna ya kuitengeneza.

Mie niliendelea kwenda mpaka nikastaafu, na baada ya kustaafu nikaendelea, nakuja kutoka Ukonga na koti langu kwenye mfuko. Siku moja foleni ikanichelewesha. Nilipofika mabenchi yote yamejaa, watu wamebanana, wengine wamekalia ndoo, sahani zinapita juu ya vichwa. Benchi la mbele, pale pangu, wamekaa vijana watatu wa bodaboda wanagombania ndimu. Nikasimama barabarani na koti jeupe kama nguzo.

Mama Shamila akaniona. "Daktari, leo hamna nafasi."

"Nitasubiri, mama."

"Usisubiri. Nenda kale kwako."

Sijui furaha gani ilinipanda, nikajikuta nacheka peke yangu. Nikamuuliza kwa sauti, mbele za watu, "Kwa hiyo mama, umenisamehe?"

Akafuta mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, akaniangalia kwa utulivu. "Sijakusamehe," akasema. "Kiti ndiyo hakuna."

Akamgeukia mteja wake. "Wewe, wali au ugali?"